Kistari cha Pili

Keko, Temeke
Jumatatu, 28 Julai 2025

Kwa Binti Jovina,
Mchapaji, Steshenari ya Bwana Alireza Alibhai,
Gongo la Mboto

Habari za kazi?

Mimi ni Mwalimu Mwanakombo Marijani, yule mama wa baibui na miwani iliyofungwa uzi aliyekuletea bahasha ya mtihani wa Hisabati wa darasa la saba, tarehe kumi na nne mwezi huu. Tulionana mara moja tu, ukanihamishia kiti kwenye feni. Nakushukuru bado. Barua hii anakuletea Mwalimu Talha, anayefundisha nami hapa Keko na kulala huko kwenu. Usishangae kuletewa barua zama hizi. Kata yetu imepiga marufuku mambo ya mtihani kuandikwa kwenye simu tangu ule wa mwaka juzi uvuje, na ndiyo sababu hata kuchapa tunakuja kuchapia mbali.

Nina jambo moja la kukuuliza. Swali la 38 limetoka hivi:

Tafuta thamani ya √(16 − 9).

Kumi na sita kutoa tisa ni saba, na saba haina kipeuo cha pili ambacho mtoto wa darasa la saba anaweza kukipata kwa kalamu na kidole. Kwenye karatasi yangu ya majibu niliandika 5. Watoto mia sita na kumi wa kata nzima wamehangaika na swali hilo, wengine wamefuta mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu Benedikto, mwenyekiti wa kamati ya mtihani, anasema kosa langu liko wazi: nimejumlisha mahali pa kutoa. Kumi na sita na tisa ni ishirini na tano, kipeuo chake tano. Ameyasema hayo mbele ya walimu kumi na mmoja, na wanne kati yao niliwafundisha mimi darasa la tatu.

Mimi naamini niliandika kumi na sita kutoa hasi tisa, ambayo jibu lake ni 5 kweli. Lakini karatasi yangu ya mkono ilichomwa mara tu baada ya kuchapwa, ndio utaratibu, na siku ya kuhakiki nilikuwa msibani, akahakiki Mwalimu Benedikto bila kuwa nayo. Aliyeiona zaidi yangu ni wewe peke yako.

Uliona nini, binti? Kamati inakaa Ijumaa ya tarehe kumi na tano Agosti. Wakiamua nimekosea, nitaondolewa kwenye utungaji na kwenye darasa la saba. Hilo nitalibeba. Liko lingine ambalo siwezi kulibeba, ila si la kumwandikia mtu niliyemwona mara moja.

Nijibu ukweli, hata kama ni mchungu.

Mwl. Mwanakombo Marijani


Gongo la Mboto
Jumatano, 30 Julai 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nakukumbuka vizuri. Ulikataa soda ukaomba maji, ukayanywa umesimama wakati kiti nimeshakuletea.

Mwalimu, barua yako imenitoa jasho. Nimekaa nayo chooni nikaisoma mara mbili ili Bwana Alireza asiione. Naapa mbele ya Mungu, sikuongeza kitu kwenye mtihani wako, hata nukta. Mie hizo hesabu zenu nazichapa kwa kufuata umbo tu: naona umbo, naweka umbo. Shule niliishia darasa la tano, mama alipougua nikabaki nyumbani Muleba kulea wadogo zangu. Kuchapa nilifundishwa baadaye na masista wa parokia. Kwa hiyo hata ningetaka kukuharibia hicho kipeo chako nisingejua pa kuanzia.

Nakuomba jambo moja, usinitaje kwenye kamati. Bwana Alireza si mtu mbaya. Mwezi wa Ramadhani hatusahau hata sisi Wakatoliki, anatufungia na sisi tende. Lakini kwenye makosa hana utani. Mchapaji aliyenitangulia alikosea jina la marehemu kwenye tangazo la msiba, akaondoka siku hiyohiyo na mkoba wake. Mie hapa mjini sina mwingine wa kunishika mkono.

Pole sana kwa yaliyokupata. Hao walimu uliowafundisha darasa la tatu walipaswa kuinamisha vichwa.

Wako,
Jovina


Keko
Ijumaa, 1 Agosti 2025

Binti Jovina,

Marahaba. Nimekuamini, na sitakutaja. Mtu mwongo haandiki kwamba amesomea barua chooni.

Kwanza nikusahihishe, maana ndiyo kazi yangu na mdomo umezoea. Umeandika kipeo. Kipeo cha pili cha tano ni ishirini na tano, yaani tano mara tano. Kipeuo cha pili cha ishirini na tano ni tano, ni safari ya kurudi. Tofauti yao ni hiyo u moja, na kila mwaka watoto wangu thelathini wanaingia shimoni kwa sababu yake.

Sasa nikwambie lile lingine. Sijamwambia mtu, na wewe una faida ya kuwa mbali.

Mimi nina miaka hamsini na saba. Mama yangu alianza akiwa na hamsini na nane. Alianza kwa kutia chumvi kwenye chai ya wageni, tukacheka wote, na yeye akacheka. Kisha akawa anatafuta miwani aliyoivaa. Akaishia kuniuliza mimi, mtoto wake wa kwanza niliyemwogesha asubuhi ile, nimetumwa na nani. Sasa Mwalimu Benedikto anaposema Mwalimu Mwanakombo amejumlisha mahali pa kutoa, wengine wanasikia uzembe. Mimi nasikia kengele. Kila nikijaribu kuukumbuka mkono wangu ukiandika ile hasi, siuoni. Naona swali la 37, naona la 39. Pale katikati hakuna kitu.

Nimekwenda hospitali. Daktari, kijana mpole, akaniambia nihesabu kutoka mia nikitoa saba saba. Nikamwambia tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa, sabini na mbili, nikaenda mpaka mbili bila kupumua, na nikamuuliza kama niendelee kwenye hasi. Akatoa simu yake kunihakiki. Akasema, "Mama, huna tatizo, kapumzike." Lakini mwanangu, mama yangu alikuwa muuza vitumbua, na mpaka mwisho alikuwa anahesabu vitumbua vya sahani ishirini bila kukosea kimoja. Hesabu zilibaki. Tuliotoweka ni sisi wanawe.

Kwa hiyo nimeshaandika barua ya kujitoa, kwenye utungaji na darasani. Nitaikabidhi Alhamisi ya tarehe kumi na nne, siku moja kabla hawajanitoa wao. Nilitaka tu ujue kwamba hukunikosea kitu.

Mwl. Mwanakombo


Gongo la Mboto
Jumatatu, 4 Agosti 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nimelia, nakwambia kweli. Mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Usiikabidhi hiyo barua. Mie si msomi lakini mtu anayekwenda kutoka mia mpaka mbili kwa saba saba, kichwa chake kina kasoro gani? Mie huwa nashindwa kukumbuka kama nimefunga mlango, na nina miaka ishirini na saba.

Nimekaa na lile swali lako jana baada ya misa. Nimeliandika kwenye bahasha nikaligeuza huku na huku. Kuna kitu hakiniingii, na naomba usinicheke. Unasema uliandika kumi na sita kutoa hasi tisa. Kutoa naijua, unatoa, inapungua. Sasa hiyo hasi ndiyo nini? Tuliachana na shule kabla hatujafika hapo. Na inakuwaje mtu atoe, halafu jibu liwe kubwa kuliko alichoanza nacho? Kumi na sita inazaaje ishirini na tano kwa kutolewa? Na inaandikwaje, ina alama yake ya peke yake?

Kama una nguvu nieleze. Kama huna, usijali. Najua si wakati wake.

Wako,
Jovina
(kipeuo, kipeuo, kipeuo. Nimeandika mara tatu kama adhabu.)


Keko
Jumatano, 6 Agosti 2025

Jovina mwanangu,

Tangu jambo hili lianze, watu kumi na saba wameniuliza nimekosea vipi. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza hesabu yenyewe. Nimekuandikia nikiwa na chaki mkononi, ukiona vumbi kwenye karatasi ndilo hilo.

Simama uelekee mlango. Kweli, simama. Neno "kutoa" linakwambia: geuka nyuma. Umeupa mlango mgongo. Neno "hasi" nalo linakwambia: geuka nyuma. Umegeuka mara ya pili. Unatazama wapi? Mlangoni kulekule. Ndiyo sababu kumi na sita kutoa hasi tisa ni sawa na kumi na sita kujumlisha tisa. Watoto wangu nawasimamisha darasani wazunguke, wanagongana, wanacheka, na hawasahau tena.

Wewe lakini ni mtu wa maneno, kwa hiyo nikupe ya maneno. Ukisikia harusini watu wanasema "hakuna asiyekuja," wamesema nini? Wamesema wote wamekuja, ukumbi umejaa. Humo ndani mna kukana kuwili: hakuna, na asiye. Vinakanana, kinachobaki ni ndiyo. Sasa chukua kukana kumoja tu ukuondoe. "Hakuna aliyekuja." Ukumbi mtupu, pilau limepoa, bibi harusi analia. Umeondoa kijisehemu kidogo tu cha neno, na harusi nzima imegeuka.

Hasi haina alama ya peke yake. Inaandikwa kwa kistari kilekile cha kutoa. Kwa hiyo kwenye swali langu vinakaa vistari viwili, kimoja baada ya kingine: cha kwanza ni kitendo, cha pili ni tabia ya ile tisa. Ubaoni huwa naweka mabano watoto wasichanganyikiwe, 16 − (−9). Inakuwa ishirini na tano. Halafu kipeuo kinauliza: ni namba gani ikizidishwa kwa yenyewe inazaa hii? Tano. Basi, tumemaliza, kaa chini.

Umenipa nusu saa ya furaha. Sikutegemea.

Mwl. Mwanakombo


Keko
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Jovina,

U mzima? Leo ni siku ya tano. Mwalimu Talha anasema alikupitia Alhamisi, na tena Jumapili ukitoka kanisani, ukamwambia huna barua na hukumtazama usoni. Kama nimekuchosha na magonjwa yangu na vistari vyangu, nisamehe. Mwalimu akishazoea kusikilizwa hajui pa kuishia.

Alhamisi nakabidhi ile barua. Sitaki uwe na wasiwasi juu yangu. Nina bustani ya mchicha, nina wajukuu.

Mwl. Mwanakombo


Gongo la Mboto
Jumanne, 12 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Vilikuwa viwili.

Vilikuwa viwili, nikafuta kimoja. Ni mie. Usiikabidhi hiyo barua.

Nilipofika kwenye ile harusi yako nilikuwa nimesimama kweli, nimeelekea mlango kama ulivyosema. Nikasoma kwamba hasi inaandikwa kwa kistari kilekile, vinakaa viwili, kimoja baada ya kingine. Nikaliona swali lako mbele ya macho yangu kama lilivyokuwa siku ile.

Nikueleze nilivyo. Watu wanaoniletea kazi wengi ni wazee, na mikono inateleza. Mtu anaandika "na na" mara mbili, nafuta moja. Anaandika "Mheshimiwa Mheshimiwa Diwani," nampunguzia Uheshimiwa mmoja. Sisemi kitu. Mteja anakuja anakuta barua yake imenyooka, anaondoka na heshima yake, na mie najisikia nimefanya wema. Nilipofika swali la 38 nikaona alama ya kutoa imerudiwa. Nikajisemea, mama wa watu amechoka, kalamu imeruka. Nikakusitiri. Ndilo neno nililojisemea, Mwalimu. Nikakusitiri.

Halafu nikakuapia kwamba sikuongeza kitu. Ni kweli sikuongeza. Nilikuwa nimepunguza, na kupunguza sikukuhesabu kuwa ni kitu.

Tangu Jumatano nimejua, na mpaka leo nimenyamaza. Nilikuwa naona mkoba wangu mlangoni. Nilikuwa najisemea labda kamati watakusamehe. Jana Mwalimu Talha aliponipa barua yako nikakuta umeandika nisiwe na wasiwasi juu yako. Wewe ndiye unaniambia mie nisiwe na wasiwasi! Nimeona aibu mpaka kwenye kucha.

Kichwa chako ni kizima. Kilikuwa kizima siku zote. Nisamehe.

Jovina


Keko
Jumatano, 13 Agosti 2025, saa nne asubuhi

Jovina,

Nimesoma barua yako mara tatu. Ya kwanza nililia. Ya pili nikamshukuru Mwenyezi Mungu. Ya tatu nikashtuka.

Wewe mwenyewe umenieleza tabia yako. Unasitiri watu. Mama mzima anakuandikia kwamba anaogopa kupotelewa na akili, tena anakufundisha neno kwa neno kwamba vistari ni viwili, kimoja baada ya kingine. Nimekupa mkononi kila kitu unachohitaji kutunga uongo mzuri wa kuniponya. Na una moyo wa kuutunga. Hata kazi yako ungeitupa, nakuona.

Mwanangu, sitaki kusitiriwa. Nikisitiriwa leo, kesho nitatia chumvi kwenye chai na nitajiambia kwamba kichwa changu ni kizima kwa sababu Jovina alisema. Afadhali nijue sasa, wakati bado naweza kujua.

Niambie kitu juu ya ile karatasi ambacho sijakwambia. Sikupi dokezo. Kama hukumbuki, niandikie tu "sikumbuki," sitakuwa na kinyongo na wewe hata chembe. Mwalimu Talha amekubali kutoka mapema leo akufikishie, na kesho asubuhi aniletee jibu.

Mwanakombo


Gongo la Mboto
Jumatano, 13 Agosti 2025, jioni

Mwalimu,

Naandika hapahapa kwenye kaunta, Mwalimu Talha amekaa kwenye kiti cha feni ananisubiri.

Karatasi ilikuwa ya mistari, umeichana kwenye daftari kubwa, ukingo mmoja una meno. Kalamu ya bluu. Swali la 38 lilikuwa la mwisho kwenye ukurasa wa nne, chini kabisa. Ile alama ya kipeuo, mguu wake uliuchora kwa mkono, lakini paa lake juu ya namba ulilipiga kwa rula. Najua ni rula kwa sababu lilinyooka kuliko mistari ya daftari, na mwanzoni kulikuwa na kijidoa ambapo kalamu ilisubiri.

Kistari cha kwanza kilikuwa kirefu, katikati, kama kutoa kwa kawaida. Cha pili kilikuwa kifupi, kimepanda juu karibu na kichwa cha tisa, kidogo tu chini ya paa. Hicho ndicho kilichonidanganya. Nilidhani rula imeteleza wakati unapiga paa, ikaacha mkwaruzo. Ningekikuta chini, sawasawa na mwenzake, pengine ningekuja kukuuliza.

Kuna jambo linanitia hofu kulisema. Wewe umeniandikia kwamba unaweka mabano. Mie mabano kwenye ile tisa sikuyaona. Nimejilazimisha kuyakumbuka tangu nimesoma barua yako, nimeshindwa. Hayakuwepo. Kama hilo linanifanya niwe mwongo, basi, lakini siwezi kukuandikia mabano ambayo sikuyaona.

Bwana Alireza nimeshamwambia. Nilikwenda mbele ya meza yake nikasema yote kwa pumzi moja. Akauliza, "Ni yule mama wa miwani ya uzi?" Nikasema ndiye. Akavuta kompyuta yangu, akachapa mwenyewe barua kwa kamati yenu, kwa vidole viwili, ikamchukua muda mrefu kuliko mtihani mzima. Akagonga muhuri. Imo humu ndani ya bahasha. Nikamuuliza kama niende kuchukua mkoba. Akasema, "Uende wapi? Kaa hapo. Kuanzia leo mteja akirudia neno mara saba, unachapa mara saba, au unampigia simu unamuuliza."

Nimekaa.

Jovina


Keko
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Jovina mwanangu,

Kwenye karatasi siweki mabano. Sijawahi. Mabano ni ya ubaoni, ya watoto. Kwenye karatasi ya mtihani naandika hasi kama nilivyofundishwa chuo cha ualimu: fupi, juu, imekaa begani kwa namba yake. Na paa la kipeuo napiga kwa rula tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Kwenye barua zangu kwako nilichora ovyo kwa mkono, kwa hiyo hukuwa na pa kulitolea hilo isipokuwa kwenye karatasi yenyewe.

Alhamisi asubuhi nilisoma barua yako nimesimama getini, watoto wananipita na shikamoo zao. Nilipofika kwenye kile kijidoa cha kalamu iliyosubiri, nikaliona. Nililiona lote, Jovina! Nilikuwa nimekaa jikoni, rula ilikuwa imejificha chini ya daftari, nikaitafuta huku kalamu imegusa karatasi. Ndiyo sababu ya doa. Mkono wangu ukakumbuka kabla yangu. Nilikaa palepale chini kwenye saruji na baibui langu, walimu wakadhani nimeanguka. Nikawaambia niacheni, nimepumua.

Jana kamati ilikaa. Barua ya Bwana Alireza ilisomwa, vidole viwili na makosa yake matatu ya herufi, na hakuna aliyethubutu kucheka kwa sababu ya ule muhuri. Mwalimu Benedikto akaniomba niandike ubaoni kama nilivyoandika kwenye karatasi. Nikaomba rula. Nilipoweka kile kistari cha juu, akavua miwani. Aliuhakiki mtihani ule yeye, akaupitisha na swali lisilotoka, na nadhani hilo ndilo lilikuwa linamkalia kooni siku zote. Akasema mbele ya wale kumi na mmoja, "Mwalimu, nimekuvunjia heshima, nisamehe." Nimemsamehe. Nimemwambia pia kwamba mwakani atahakiki na mimi nikiwa pembeni, hata kama nimefiwa na nani.

Swali limefutwa kwa watoto wote. Wote isipokuwa mmoja, Lulu, binti wa shule ya jirani, ambaye alikuwa ameandika √7 na pembeni yake, "Haitoki, naomba mwalimu aangalie tena." Alipewa kosa. Nimeomba karatasi yake nikampa vema mwenyewe kwa kalamu nyekundu, kubwa, kwa sababu swali kama lilivyochapwa jibu lake ni hilohilo, na kwa sababu yeye peke yake katika mia sita na kumi ndiye aliyetuambia tuangalie tena.

Barua yangu ya kujitoa haikutoka kwenye mkoba. Jumatatu naingia darasa la saba kama kawaida. Na wewe, ukitaka, Jumamosi kazi ni nusu siku, njoo mchana. Tutaanzia darasa la sita, hutachukua muda. Mtu aliyeuliza inakuwaje mtu atoe na jibu likue, hakustahili kuishia la tano.

Sikukukasirikia, usije ukadhani. Nilijaribu kidogo Alhamisi mchana, haikuja.

Liko jambo moja sikukwambia katika barua zote hizi. Siku ile niliposemwa mbele ya walimu, nilirudi nyumbani nikachukua karatasi nikaandika majina ya wanangu wanne, kwa mpangilio wa kuzaliwa, na jinsi ya kuwatambua: huyu mrefu, huyu ana kovu kwenye kidevu, huyu anacheka kabla ya kusalimia, huyu wa mwisho anafanana na mimi. Nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, nyuma ya kanga, ili siku nikianza kupotea niwe na pa kuwakuta. Kila asubuhi nilikuwa naifungua na kujisomea. Leo nilifungua kabati kutafuta kanga ya kwendea sokoni. Nikawataja wote wanne kwa sauti, macho nimeyafumba, kisha nikaibandua. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akaniuliza kupitia dirishani kulikoni. Nikamwambia hakuna kitu, shoga, watoto wangu wote wapo.

Mama yako wa Keko,
Mwanakombo Marijani